Jina liko kwenye orodha, kazi haiko

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na najua niliwaahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu kuhifadhi nakala za data zenu. Itakuja, msiwe na shaka. Lakini leo kuna jambo linalonikereketa rohoni na nisipolitoa sitalala.

Jambo lenyewe ni hili. Serikali za nchi tajiri husema kwamba kabla ya mwajiri kuruhusiwa kuleta mfanyakazi kutoka ng'ambo, wao humkagua kwanza. Mimi nasema hawamkagui. Wanakagua karatasi zake. Na karatasi zikigeuka kuwa uongo, anayelipa gharama ni mfanyakazi, ambaye ndiye pekee hakuwa na njia ya kujua.

Nitatumia mfano wa Uingereza, kwa sababu huo naujua kwa uchungu.

Dakika nne zangu

Mwaka 2023 binti ya shangazi yangu alinipigia simu kutoka Voi. Alikuwa amemaliza kozi ya kuhudumia wagonjwa, na wakala mmoja wa Nairobi alimwambia amempatia kazi ya kuhudumia wazee Uingereza. Akaniambia, "Kaka, wewe ni mtu wa tarakilishi. Hebu niangalizie kama hii kampuni ni ya kweli."

Nikafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Serikali ya Uingereza huweka wazi rejista ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni. Ni faili la CSV, mtu yeyote anaweza kulipakua bure, na hubadilishwa karibu kila siku ya kazi. Nikalipakua, nikalifungua, nikatafuta jina. Hilo hapo! Mji upo. Daraja ni A. Aina ya viza ipo.

Nikampigia. "Dada, wapo. Serikali yenyewe imewapa leseni. Nenda."

Kazi yote ilinichukua dakika nne, na nilijiona mtaalamu kweli kweli.

Akamlipa wakala shilingi 1,100,000. Laki sita zilitoka kwenye mkopo wa sacco, shangazi akiwa mdhamini. Zilizobaki zilitoka kwenye kipande cha shamba. Alifika Uingereza Januari 2024, kwenye mji mmoja wa kaskazini. Mkataba wake ulisema saa 39 kwa wiki. Wiki ya kwanza alipewa saa nane. Wiki ya pili hakupewa hata moja. Alikuwa akilala nyumba moja na akina dada wengine sita, wote wa kampuni hiyo hiyo, wote wakingoja simu ya kuitwa kazini. Viza yake haikumruhusu kuhamia kwa mwajiri mwingine vivi hivi. Ilibidi kwanza apate mwingine mwenye leseni, akubali kumdhamini upya.

Baadaye mwaka huo kampuni ikafutiwa leseni. Nilirudi kwenye lile faili, nikatafuta jina lile lile. Halipo. Hakuna maelezo, hakuna tarehe, hakuna sababu. Mstari umefutwa tu, kana kwamba haukuwahi kuwepo.

Akaniuliza kwa simu, taratibu, bila hasira yoyote: "Kaka, si ulisema wapo?"

Leseni hutolewaje?

Twende polepole. Mfumo huu wa leseni za udhamini ulianza mwaka 2008. Mwajiri hujaza fomu mtandaoni, hulipa ada (mwaka 2024 kampuni ndogo ililipa pauni 536), kisha hutuma nyaraka: mkataba wa kupanga ofisi, ushahidi wa akaunti ya benki, bima ya wafanyakazi isiyopungua pauni milioni 5, uthibitisho kwamba amesajiliwa na mamlaka ya kodi, na kadhalika. Home Office, yaani wizara ya mambo ya ndani, ikiridhika humpa leseni.

Akishakuwa na leseni, anaomba vyeti vya udhamini, kimoja kwa kila mfanyakazi. Hiki kinachoitwa cheti si karatasi hata kidogo. Ni rekodi kwenye seva ya serikali yenye nambari yake, na nambari hiyo ndiyo mfanyakazi anayoombea viza.

Maafisa wanaweza kumtembelea mwajiri kabla au baada ya kumpa leseni. Wanaweza. Sasa sikilizeni hesabu. Machi 2024 ilichapishwa ripoti ya aliyekuwa mkaguzi huru wa mipaka na uhamiaji, David Neal, kuhusu viza za sekta hii ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Alikuta kwamba kulikuwa na afisa mmoja wa ukaguzi kwa kila waajiri 1,600 wenye leseni.

Mmoja kwa 1,600! Hata akitembelea mwajiri mmoja kila siku ya kazi, bila likizo na bila kuugua, atamaliza baada ya miaka sita. Na wakati huo yule wa kwanza atakuwa ameshabadilisha ofisi mara tatu.

Ripoti hiyo hiyo ilitaja makao ya wazee ambayo hayakuwepo kabisa duniani, lakini yalikuwa yamepewa vyeti 275. Ikataja pia kampuni iliyosema ina wafanyakazi wanne wakati wa kupewa leseni, kisha ikapewa vyeti 1,234. Someni tena pole pole: wafanyakazi wanne, vyeti 1,234.

Na kuna hili. Njia ya viza kwa wahudumu hawa ilifunguliwa Februari 2022. Lakini sharti kwamba mdhamini aliye England lazima awe amesajiliwa na Care Quality Commission, tume inayosimamia huduma hizo, lilianza kutumika tarehe 11 Machi 2024 tu. Kwa miaka miwili mtu aliweza kudhamini wahudumu wa wazee bila kuwa chini ya tume inayosimamia huduma za wazee. Mimi si mwanasheria, lakini hilo hata muuza nyanya wa Gikomba angelihoji.

Matokeo? Machi 2025 serikali ya Uingereza yenyewe ilitangaza kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilikuwa imefuta leseni zaidi ya 470 katika sekta hiyo, na kwamba wafanyakazi zaidi ya 39,000 walikuwa wamehusishwa na wadhamini hao tangu Oktoba 2020. Tarehe 22 Julai 2025 wakafunga kabisa mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka ng'ambo.

Yaani walishindwa kukagua waajiri, wakawafungia wafanyakazi.

Alama ya @ si ushahidi

Hapa naomba niongee kama mtu wa programu, maana nadhani tatizo hili sisi tunalijua kuliko mawaziri.

Nilipoanza kazi, nilipewa jukumu la kutengeneza fomu ya kujisajili. Mtumiaji aandike barua pepe yake. Nikaandika msimbo unaoangalia kama kuna alama ya @ katikati na nukta mahali fulani baadaye. Nikampelekea mkubwa wangu kwa furaha. Akaandika anwani ya uongo kabisa, herufi za kubahatisha tu, zenye @ na nukta. Fomu ikampokea kwa heshima zote.

Akaniambia, "Umekagua umbo. Hujakagua kama kuna mtu." Kisha akanifundisha kile ambacho kila tovuti hufanya: mtumie ujumbe kwenye hiyo anwani, na usimfungulie akaunti mpaka ajibu.

Home Office walikagua alama ya @. Mkataba wa kupanga upo? Upo. Bima ipo? Ipo. Akaunti ya benki? Ipo. Pokea! Hakuna aliyetuma ujumbe kuona kama kuna mzee hata mmoja wa kuhudumiwa kwenye hayo makao.

Msiniambie kwamba ni kazi ngumu isiyowezekana. Tangu Aprili 2013 waajiri wa Uingereza hutakiwa kuripoti mishahara kwa mamlaka ya kodi kila wanapolipa. Data hiyo iko ndani ya serikali hiyo hiyo. Kampuni ina watu wangapi kwenye mishahara? Inaomba vyeti vingapi? Baada ya miezi mitatu, waliopewa vyeti wanalipwa saa walizoahidiwa? Hilo ni swali la hifadhidata mbili na safu moja inayofanana. Kijana aliye kwenye mafunzo ya kazi anaweza kuliandika asubuhi moja na kuchelewa kidogo tu kwenda kula chakula cha mchana. Kwa kampuni ya watu wanne inayotaka vyeti 1,234, hata hifadhidata haihitajiki. Macho yanatosha.

Badala ya kuongeza ukaguzi, tarehe 6 Aprili 2024 waliondoa sharti la waajiri kuhuisha leseni kila baada ya miaka minne. Ukishapokelewa, umepokelewa.

Nitajibu wanaonipinga kabla hawajaandika

Najua barua pepe zinakuja. Nizijibu mapema.

"Walaghai ni mawakala wa huku kwetu, si serikali ya Uingereza." Wakala alikula pesa, nakubali, na natamani akamatwe. Lakini wakala aliuza nini? Aliuza cheti halisi cha udhamini kutoka kwa mwajiri mwenye leseni halisi. Viza aliyobandikiwa binti ya shangazi ilikuwa halali. Hakusafiri kwa pasipoti ya kughushi. Bidhaa ya wakala iliuzika kwa sababu serikali iliipiga muhuri.

"Mtu mzima achunguze mwenyewe." Hili linanichoma, maana ndivyo nilivyodhani nimefanya. Baadaye niliingia kwenye tovuti ya Companies House, rejista ya kampuni za Uingereza, ambayo ni bure kutafuta. Nikakuta kampuni ile ilikuwa imesajiliwa miezi saba tu kabla ya kumpa ajira, na ina mkurugenzi mmoja. Ningeangalia hapo kwanza ningesita. Hilo ni kosa langu na nimelikubali mbele ya shangazi. Lakini jamani, ikiwa mimi, ninayeshinda mbele ya kioo cha tarakilishi kutwa, nilidhani neno "leseni" lina maana, yule msichana wa Taita au wa Busia mwenye simu ya kukopa bando atajuaje? Leseni kazi yake ni nini, kama si kunipunguzia mimi kazi ya upelelezi?

"Data za kampuni ni siri ya biashara." Idadi ya vyeti ambavyo serikali imegawa si siri ya biashara ya mtu. Ni kitendo cha serikali. Wameshachapisha jina, mji, kaunti, daraja na aina ya viza. Safu tano. Ya sita itawaua?

"Lakini sasa wanafuta leseni kwa wingi, mfumo umeamka." Hapo ndipo penye uchungu zaidi. Leseni ikifutwa, mwajiri anapoteza ruhusa ya kuleta watu wengine. Mfanyakazi anaandikiwa barua, na kwa kawaida anapewa siku 60 kupata mdhamini mwingine au kuondoka nchini. Barua ya binti ya shangazi ilichukua miezi kufika, naye miezi hiyo yote hakujua kama leo ni siku ya kwanza au ya mwisho. Ilipofika, alituma maombi kila mahali. Wengi hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba nafasi ipo, ila alipe pauni elfu kadhaa kwanza. Alirudi nyumbani Machi 2025. Shangazi bado anakatwa na sacco mpaka leo.

Kila leseni inayofutwa inatangazwa kama ushindi dhidi ya waajiri wabaya. Kwenye nyumba ile ya akina dada saba, ushindi huo ulifika kama notisi ya kufukuzwa.

Si Uingereza peke yake

Wenzangu wa fani yetu mnaoota viza ya H-1B ya Marekani, msidhani mmepona. Kule wamejaribu njia nyingine. Mwaka 2009 walianza kutembelea sehemu za kazi, na mwaka 2011 idara ya uhamiaji, USCIS, ilianzisha mfumo uitwao VIBE, uliolinganisha maelezo ya mwajiri na hifadhidata ya kibiashara ya Dun & Bradstreet. Kampuni ipo? Anwani inalingana? Ina watu wangapi? Kama wazo ni bora kuliko kusoma mkataba wa kupanga tu, nawapa alama zao.

Lakini tazameni haki zimegawanywaje. Afisa akiona maelezo hayalingani, mwajiri huandikiwa na kupewa nafasi ya kujieleza kabla ya ombi kukataliwa. Vizuri. Mfanyakazi je? Kazi ikivunjika, kanuni iliyoanza Januari 2017 inampa hadi siku 60. Siku 60 zile zile! Yeye hakuna hifadhidata aliyonunuliwa ili amkague mwajiri, na hakuna barua ya kumuuliza anasemaje.

Na huku nyumbani? National Employment Authority, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, huchapisha orodha ya mawakala wenye leseni ya kupeleka watu ng'ambo, wengi wao wakienda nchi za Ghuba. Ni jambo jema, na kabla hujalipa mtu yeyote iangalie. Lakini ni orodha ya majina vilevile. Haikuambii wakala huyo amepeleka watu wangapi, wangapi walifika kwenye kazi waliyoahidiwa, wala wangapi walirudi kabla ya muda. Ugonjwa ni ule ule, sisi tumeuiga kwa bidii.

Ninachodai

Sipingi ukaguzi wa waajiri. Naudai! Naudai uwe ukaguzi kweli, na mfanyakazi auone. Mambo manne, wala hakuna hata moja linalohitaji teknolojia ambayo haijavumbuliwa:

1. Rejista ionyeshe idadi ya vyeti ambavyo mwajiri amepewa na idadi ya watu anaowalipa mishahara. Hata ikiwa kwa makundi, kama 1 hadi 10, 11 hadi 50, inatosha. Kampuni ya watu wanne ionekane ni ya watu wanne.

2. Rejista iwe na kumbukumbu: leseni ilitolewa lini, ilisimamishwa lini, ilifutwa lini na kwa nini. Kufuta mstari kimya kimya ni tabia mbaya kwenye hifadhidata yoyote, seuze inayobeba maisha ya watu.

3. Kuwe na ukurasa ambapo mtu aliyepewa nambari ya cheti anaiandika na kuonyeshwa na serikali yenyewe, si na wakala: kazi ni hii, mshahara ni huu, saa ni hizi, mahali ni hapa, na hutakiwi kumlipa mtu yeyote kununua cheti hiki. Rekodi tayari iko kwenye seva. Kinachokosekana ni mlango wa mfanyakazi kuingilia.

4. Leseni ikifutwa kwa kosa la mwajiri, mfanyakazi aruhusiwe kufanya kazi kwa mwajiri yeyote wa sekta hiyo kwa muda wote uliobaki kwenye viza yake. Serikali ndiyo iliyosema mwajiri huyu ni salama. Ikikosea, ibebe gharama ya kosa lake yenyewe.

La nne ndilo muhimu kuliko yote, na ndilo litakalopingwa kuliko yote. Nawaambia kwa nini nalisisitiza. Sisi kwenye programu tunajua kwamba hitilafu hairekebishwi mpaka imuume mwenye uwezo wa kuirekebisha. Sasa hivi ukaguzi mbovu haumuumi afisa aliyetoa leseni. Mwajiri mlaghai unamuuma kidogo, naye kesho anafungua kampuni nyingine. Unamuuma shangazi yangu wa Voi. Na shangazi hana nywila ya kuingia kwenye mfumo wa Home Office.

Kwa ambao wameshika simu sasa hivi na wakala yuko upande wa pili anawaharakisha: angalieni rejista, ndiyo, lakini msiishie hapo kama mimi. Tafuteni kampuni kwenye Companies House, muone umri wake na wakurugenzi wake. Kama ni makao ya wazee ya England, yatafuteni pia kwenye tovuti ya Care Quality Commission. Tafuteni nambari ya simu ya mahali penyewe na mpige, muulize kama wanaajiri. Wakala akikasirika kwa sababu mmepiga simu, mmeshapata jibu lenu.

Binti ya shangazi sasa anafanya kazi kwenye zahanati moja hapo Voi. Nilimsomea makala hii kwenye simu kabla ya kuiweka hapa, akakubali niiweke mradi nisimtaje jina. Aliniomba niongeze jambo moja tu: kwamba wale wasichana wengine sita walikuwa wameangalia orodha pia.

Haya, maoni yenu hapo chini. Kama kuna msomaji aliyewahi kuandika programu ya kulinganisha rejista hiyo na data za Companies House, anitumie barua pepe. Nimeshaanza kuandika yangu na nitaiweka hapa wiki ijayo, bure, mtu yeyote aitumie.